Kilichokusimamisha ni Nini?

Hotuba kwa kikundi cha wapenda picha za maumbile, Lushoto, mwezi Julai

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Vijana mliopanda magari ya alfajiri kutoka Korogwe na Mombo, poleni na baridi, na ahsanteni kwa kuja.

Wiki iliyopita mwenyekiti alinitumia picha zenu 60. Nyingi mmezipiga kwa simu, chache kwa kamera. Nimezitazama zote, nyingine nimezirudia mara tatu na nne, na jambo la kwanza ninalotaka mlisikie ni kwamba hakuna hata mmoja kati yenu asiye na jicho. Katika kila picha naona kuna kitu kilimsimamisha mtu njiani hadi akatoa simu mfukoni. Tabu ni kwamba katika picha nyingi nimelazimika kukitafuta kitu hicho, na katika baadhi nimekikosa kabisa.

Chukueni ile ya mbega wa msitu wa Magamba. Mwenyewe yupo hapa na ameniruhusu kuisema. Nilipoifungua niliona mti mkubwa, mbingu nyeupe pe, kipande cha waya wa umeme, na katikati ya majani doa jeusi. Nikampigia simu, nikamuuliza, "Ulisimama kwa sababu gani?" Akajibu papo hapo: "Mwalimu, ni yale manyoya meupe ya mabegani. Aliruka, yakafunguka kama kanga iliyoshikwa na upepo." Nilifurahi mno kusikia jibu lile. Kijana alikuwa na picha tayari, tena nzuri, ila alikuwa nayo kichwani tu. Kwenye simu hakukuwa na bega wala manyoya.

Basi swali hilo nitalirudia leo mpaka mchoke nalo. Kilichokusimamisha ni nini? Jiulize kabla ya kubonyeza, na ujiulize tena usiku unapokaa kuihariri picha.

Jicho la mtu huchagua. Ukimwona mbega akiruka, waya huuoni ingawa unapita mbele yako, kwa sababu akili imekwisha kuuondoa. Kamera haina akili hiyo. Inachukua waya, mbingu, jani lililooza na mbega, vyote kwa pamoja. Ile kazi ambayo akili yako iliifanya kimyakimya inabidi sasa uifanye mwenyewe, kwa miguu. Nasema miguu kwa makusudi. Wengi wetu tukiona kitu kiko mbali tunavuta kwa vidole viwili kwenye kioo. Ukivuta hivyo kupita uwezo wa lenzi, simu haisogei karibu na chochote: inakata kipande cha picha na kukitanua, ndiyo maana mnapata zile chengachenga. Sogea. Chuchumaa. Zunguka upande wa pili wa mti. Na ikiwa mnyama hasogeleki, mwache awe mdogo kwenye picha lakini awe peke yake, amezungukwa na kitu kitulivu.

Niwapeleke kwenye tawi moja. Milima hii yetu ina vinyonga wasiopatikana kwingine duniani, na mwaka 2006 wataalamu walipounda jenasi mpya, yaani kundi la spishi za karibu, kwa baadhi ya vinyonga wa misitu ya milimani waliiita Kinyongia, kutokana na neno letu hili la nyumbani. Yule wa pembe mbili wa Usambara Magharibi ni mmoja wao. Mwaka juzi nilimkuta dume kando ya njia, kwenye kimo cha kifua changu, ameshika tawi jembamba. Kilichonisimamisha ni jicho. Lile jicho lililofunikwa na ngozi, likabakiwa na tundu dogo kama la sindano, lilikuwa limegeuka nyuma likinitazama, huku mwenyewe akiendelea na safari yake mbele.

Picha ya kwanza niliipiga pale pale niliposimama. Ikatoka kijani juu ya kijani. Tawi jingine lilipita nyuma ya kichwa chake, likaonekana kama limemchoma shingoni. Kwenye kona ya juu kulia palikuwa na upenyo wa mbingu, mweupe, na kila nilipoitazama picha macho yangu yalikimbilia kule kwenye weupe, si kwa kinyonga. Lishikeni hilo. Macho ya mtazamaji hukimbilia penye mwanga mkali, halafu hutafuta uso. Ukiacha kipande cheupe kwenye kona, mtazamaji anatoka nje ya picha kupitia hapo hapo na harudi.

Nikapiga magoti. Hapo tu lile tawi la nyuma likahama, likashuka chini ya kidevu chake. Nikasogea kushoto nusu hatua, upenyo wa mbingu ukajificha nyuma ya shina, na nyuma ya kinyonga pakabaki kivuli cha bonde, mbali, kijani cha kukaribia weusi. Pembe zake zikachomoza wazi. Sikuwa nimemgusa wala sikuwa nimevunja jani. Nikagusa kioo penye jicho lake ili fokasi ishike hapo, kisha nikateremsha mwanga kidogo, kwa sababu simu iliona kiza kile cha nyuma ikataka kuking'arisha, na mgongo wa kinyonga ungeungua ukawa mweupe usio na magamba. Nilipiga picha 14. Ya 11 ndiyo niliyoitunza.

Kuna atakayesema ningelikata tawi lile nikampeleka penye mwanga mzuri. Watoto wa njiani hufanya hivyo kwa ajili ya wageni, na siwalaumu watoto. Lakini kinyonga aliyeshikwashikwa anaogopa, na hofu yake inaonekana kwenye ngozi: anakuwa mweusi, anajivimbisha. Unakuwa umempiga picha mnyama mwenye hofu ukamwambia mtazamaji kwamba huyu ndiye kinyonga wa Usambara. Mimi picha hiyo siitaki hata ikiwa na mwanga wa peponi.

Sasa ile kanuni ya theluthi ambayo wengi wenu mmeitaja kwenye ujumbe. Kwamba uigawe picha kwa mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, na kitu chako kikae mistari inapokutana. Ni kanuni kongwe. Mwingereza John Thomas Smith, aliyekuwa mchoraji, aliiandika mwaka 1797 alipokuwa akifundisha kuchora mandhari, kabla kamera haijakuwepo. Inasaidia. Washeni mistari hiyo kwenye mipangilio ya kamera ya simu, kwani inasaidia pia kujua kama upeo wa macho umelala sawa. Lakini msiifanye sheria. Kwenye picha zenu 60 nimeona vipepeo wanne waliosukumwa pembeni bila sababu, na upande wa pili hakuna kitu. Nafasi tupu nayo lazima iwe na kazi. Ndege akitazama kulia, mwachie nafasi kulia, ili macho yetu yaende anakotazama. Na kipepeo aliyefungua mbawa zote mbili sawasawa, mwekeni katikati, anapendeza hapo.

Tuje Irente, maana theluthi nzima ya picha zenu zimetoka pale kwenye mwamba. Kila mtu akifika ukingoni pumzi inakatika. Chini kabisa ni Mazinde na mashamba ya mkonge, mbele nyika isiyo na mwisho. Unapiga picha, unafika nyumbani, unaona karatasi ya bluu hafifu. Kuna nini? Ukungu wa vumbi na joto umekaa kati yako na kila kitu, na umepiga saa saba mchana jua likiwa utosini, hivyo vilima havina vivuli na nyika imelala kama mkeka. Kilichokusimamisha pale ni kimo. Na kimo hakionekani bila kitu cha karibu cha kupimia. Rudi nyuma hatua tatu, uuingize ukingo wa mwamba kwenye picha, au mtu aliyekaa salama, au mti ulioota kwenye ufa. Mtazamaji akishaona jiwe la karibu, halafu shamba dogo kama kitambaa kule chini, miguu yake yenyewe itasisimka.

Kuhusu mwanga nina neno la kwetu hasa. Mafunzo mengi ya picha yametoka nchi za kaskazini, yanasema subiri saa ya dhahabu, yaani muda ule jua likiwa chini, mara baada ya kuchomoza au kabla ya kuzama. Kule jua huchomoza kwa mshazari, likajikokota karibu na upeo kwa muda mrefu. Sisi hapa tuko kama digrii 5 kusini mwa ikweta. Jua letu linapanda karibu wima. Likichomoza saa kumi na mbili na nusu, kufikia saa moja na nusu ule mwanga wa pembeni, laini, wa manjano, umekwisha kwenda zake. Ukinywa chai kwanza umeukosa. Na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, adhuhuri, jua linapita juu kabisa ya vichwa vyetu. Kivuli cha mtu kinaishia kwenye viatu. Siku hizo mchana ingieni msituni, mpige vitu vidogo vilivyo kivulini. Kwa upande mwingine tuna ukungu wa Julai kama wa leo, ambao watu wanaulalamikia. Mimi naupenda kuliko jua. Ukungu unafuta vya nyuma bila wewe kufanya kazi. Mti mmoja unasimama mbele, wa pili unafifia, wa tatu ni kivuli tu. Hakuna programu inayoweza kukupa umbali wa namna hiyo.

Sasa kuhariri. Mzee mmoja aliwahi kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba kuhariri picha ni kuchakachua. Nilimweleza habari za Ansel Adams, Mmarekani aliyepiga picha za milima na majangwa ya kwao. Jioni ya tarehe 1 Novemba 1941 alikuwa akipita kijiji cha Hernandez, New Mexico, akaona mwezi umechomoza juu ya makaburi ya kijiji, na misalaba bado imeshikwa na jua la mwisho. Aliwahi kupiga picha moja. Alipojiandaa kupiga ya pili, mwanga ulikuwa umetoka kwenye misalaba. Kutokana na negativu ile moja, yaani filamu ambayo mwanga na giza vimegeuzwa, alisafisha kwa mkono wake nakala zaidi ya 1,000 kwa miongo kadhaa, na za baadaye zina mbingu nyeusi zaidi kuliko za mwanzo. Aliwahi kusomea piano ujanani, akafananisha negativu na nota zilizoandikwa, na kuisafisha picha na kuupiga wimbo wenyewe. Kuhariri kumekuwepo tangu zamani, chumbani gizani, kwa dawa na maji.

Nirudi kwa kinyonga wangu, picha ya 11, niwaambie nilichoifanyia mezani. Nilitumia Snapseed, programu ya simu ambayo ni bure. Kwenye kompyuta darktable nayo ni bure. Kwanza nilikata jani tupu lililobaki upande wa kulia, nikaacha nafasi mbele yake. Pili rangi. Mwanga unaopita kwenye majani hufika chini ukiwa wa kijani, kwa hiyo kinyonga mzima alikuwa kama amechovywa kwenye maji ya mchicha. Kuna mistari miwili ya kurekebisha: mmoja unatoka bluu kwenda manjano, wa pili unatoka kijani kwenda zambarau. Niliuvuta huu wa pili kidogo kidogo, macho yangu yakiwa kwenye gome la tawi. Gome lile nilijua ni la kijivu. Lilipokuwa kijivu tena nikaacha. Tafuteni shahidi wa namna hiyo katika kila picha: jiwe, gome, manyoya ya yangeyange.

Halafu nikashusha kidogo sehemu zenye mwanga mkali, magamba ya mgongoni yakarudi. Vivuli sikuvigusa. Hapa ndipo wengi mnaharibu, na nimeona kwenye picha zenu: mnavinyanyua vivuli mpaka mwisho ili kila kitu kionekane. Kiza cha bonde ndicho kilichokuwa kinambeba kinyonga wangu. Ningekiangaza, lile tawi na yale majani ya nyuma vingerudi kumsumbua. Kwa zana inayogusa sehemu moja tu nikaongeza mwanga kidogo kichwani, na kuna jani la pembeni lililokuwa liking'aa, nikalitia kivuli. Sikulifuta, kwa sababu lilikuwepo. Mwisho kabisa nikaongeza ukali kuzunguka jicho. Kisha nikazima simu, nikalala. Asubuhi nikaona nimeongeza ukali kupita kiasi, nikapunguza nusu. Macho ya usiku wa manane huzoea chochote unachoyaonyesha.

Sasa nataka kuwaambia kosa ambalo bado linaniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilipiga picha ya maporomoko ya Soni wakati wa mvua za masika. Nilipoifungua nyumbani niliiona imefifia, nikaanza kuvuta rangi. Kijani nikakipandisha, maji nikayasukuma kwenye bluu, mbingu vilevile. Ikachapishwa kubwa, ikatundikwa dukani kwa rafiki yangu, na watu wakaisifu. Siku moja akaingia mama mmoja anayeuza matunda pale pale Soni. Akaitazama muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni wapi?" Nikamwambia, mama, ni Soni. Akaisogelea tena. "Soni yetu? Mvua zikija maji yetu ni mekundu."

Nikakosa la kusema. Wekundu ule ni udongo wa mashamba ya juu, unaoteremka kila masika kwa sababu miteremko imelimwa na miti imepungua. Watu wa Lushoto wamekuwa wakihangaika nao kwa matuta na miti tangu zamani. Na mimi, ninayejiita mpenda maumbile, niliuona kwenye picha nikadhani ni uchafu wa rangi, nikaufuta. Niliishusha ile picha siku hiyo hiyo. Bahati nzuri faili la mwanzo nililihifadhi, nikaihariri upya maji yakiwa mekundu, na hii ya pili ndiyo watu hukaa mbele yake wakazungumza.

Mnaona basi ninaposema swali halibadiliki. Ukivuta mstari wowote kwenye programu, jiulize kama unamsaidia mtazamaji kukiona kilichokusimamisha, au unakiondoa. Hata wakubwa hukosea: mwezi Februari 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee kwenye jalada la wima, na watu wanaendelea kuwakumbusha mpaka leo.

Haraka haraka mambo ya mafaili. Usihariri juu ya picha ya asili, tengeneza nakala kwanza. Kila ukifungua JPEG, yaani faili la kawaida la picha lililobanwa, ukaibadilisha na kuihifadhi juu yake, inapoteza kitu. Kama simu au kamera yako ina RAW, yaani faili ghafi lisilobanwa hivyo, itumie kwa picha unazozijali: JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 12 ina 4,096, na ndiyo maana mbingu iliyokaribia kuungua mara nyingi huokolewa kwenye RAW. Na ukimtumia mtu picha kwa WhatsApp ili aichapishe, itume kama dokumenti, vinginevyo inabanwa njiani.

Moja la mwisho nalisema kwa uzito. Simu ikiwa imewashwa huduma ya mahali, huandika ndani ya picha ulipoipigia, karibu hadi kwenye mti wenyewe. Vinyonga wetu walikuwa wakikamatwa na kusafirishwa nje kwa magunia kabla serikali haijazuia biashara ya kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, na wako wanaotamani bado. Ukimpata kinyonga wa pembe mbili, au lile ua la Usambara ambalo wageni huliita African violet, kwenye mwamba wake, futa taarifa za mahali kabla hujaituma popote. Ukiulizwa ni wapi, sema Usambara, inatosha. Kufuta huko nako ni kuhariri, na mimi nakuweka juu ya kukata na rangi.

Kesho tunakutana kwenye geti la Magamba saa kumi na mbili kamili asubuhi, si na robo. Njooni na simu zilizochajiwa, koti, na kitambaa cha pamba, maana nusu ya picha zenu zilizofifia ni alama za vidole kwenye lenzi. Mvua ikinyesha tutakwenda vilevile. Tutatembea taratibu na kila mmoja atapiga kitu kimoja tu asubuhi nzima, kwa kukizunguka, mpaka akijue. Kijana wetu wa mbega anaukumbuka mti ule, na ameniambia ameshapata mahali pa kusimama ambapo waya hauonekani. Yeye atatangulia.